PAMPU YA KUSAGA MAJI MACHAFU NYUMBANI NA JINSI YA KUITUNZA



Maji yaingiayo nyumbani hutazamwa na kila mtu. Mama akifungua mfereji asubuhi akaona hautoi kitu, nyumba nzima hupata habari mara moja, na jirani pia. Lakini maji yatokayo, yaani yale ya kuogea, ya kufulia, ya jikoni na ya chooni, yakiisha kupita tundu la sinki huwa yamesahauliwa. Hakuna aulizaye yamekwenda wapi, mpaka siku yatakaporudi.

Katika Kenya njia za kuyaondoa maji hayo zajulikana. Mashambani watu wengi hutumia choo cha shimo. Katika baadhi ya mitaa ya miji, kama Nairobi, yako mabomba makubwa ya maji machafu chini ya ardhi, na maji huteremka humo kwa uzito wake yenyewe mpaka mahali pa kusafishwa. Na pasipokuwa na mabomba hayo, mwenye choo cha kuvuta maji huchimba tangi katika kiwanja chake, nalo likijaa huita gari la kunyonya. Hotuba hii ni juu ya njia ya nne, ambayo katika Afrika ya Mashariki haijulikani sana, lakini Marekani imeenea katika majimbo mengi. Nayo ni pampu ndogo ya umeme iliyozikwa katika kiwanja cha nyumba, ambayo husaga taka zote za maji machafu zikawa kama uji mwepesi, kisha huzisukuma mbali kwa bomba jembamba.

Huenda mtu akauliza, je, kitu cha Marekani chamhusu nini mtu wa Machakos au wa Bungoma? Chamhusu kwa sababu mbili. Siku hizi wako watu wengi wasemao Kiswahili, wa Kenya na Tanzania, na hasa wakimbizi wa Kongo waliopokewa huko, ambao wamepanga au kununua nyumba Marekani. Mtu wa namna hiyo aweza kukuta nyuma ya nyumba kifuniko cha plastiki kilichochomoza katika majani, na ukutani sanduku lenye taa nyekundu, wala asipate wa kumweleza kazi ya vitu hivyo. Sababu ya pili ni nzito zaidi. Hatari iliyomo katika shimo la pampu hiyo ndiyo ile ile iliyomo katika shimo la choo kijijini, na hatari hiyo huua.

Ili mtu aelewe namna ya kuitunza pampu, yafaa kwanza ajue kwa nini iliwekwa. Tangu zamani mafundi wamejenga mabomba ya maji machafu kwa kufuata kanuni moja, kwamba maji huteremka. Bomba la nyumba kwa desturi hulazwa likiteremka yapata sentimita 2 kwa kila mita 1. Bomba kubwa la mtaani laweza kuteremka pole pole zaidi, lakini hata likiteremka sentimita 1 tu kwa mita, baada ya mita 300 litakuwa limeshuka mita 3 chini ya pale lilipoanzia. Katika nchi ya mteremko hilo si tatizo. Bali katika nchi tambarare, au yenye mwamba, au kando ya ziwa ambako mchimbaji hukutana na maji kabla jembe halijachoka, kazi hiyo huwa ghali mno, maana mtaro hauna budi kuchimbwa kwenda chini sana, au kupasuliwa katika jiwe kwa baruti.

Katika miaka ya 1960 Gordon Fair, profesa wa Chuo Kikuu cha Harvard, alitoa shauri la namna nyingine. Alisema taka zisagwe pale pale nyumbani, kisha zisukumwe kwa nguvu katika bomba jembamba. Yeye alifikiria hasa miji mikubwa ya zamani, ambako maji ya mvua na maji ya vyoo yalikuwa yakichanganyika katika bomba moja. Chama cha wahandisi wa Marekani kilichunguza shauri hilo, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 lilijaribiwa katika nyumba chache za mji wa Albany, jimbo la New York. Lakini, kama itokeavyo mara nyingi kwa mashauri mema, waliofaidi zaidi wakawa watu wengine kabisa, yaani wakaao kando ya maziwa, vilimani, na katika vitongoji vilivyo mbali na bomba kubwa. Bomba lenye kusukumwa halihitaji mteremko. Laweza kupanda na kushuka pamoja na ardhi, katika mtaro usiokwenda chini kuliko mahali ambapo baridi ya huko haiwezi kugandisha maji.

Sasa na tutazame kilichomo chini ya kifuniko. Humo limo tangi, nalo katika aina moja itumikayo sana huchukua kama lita 265. Maji yote ya nyumba hujikusanya humo. Yakifika kimo fulani, swichi huiwasha pampu bila kuguswa na mtu. Taka hukutana kwanza na meno ya chuma kigumu yanayozunguka kwa kasi, zikakatwa vipande vidogo. Kisha tope hilo hushindiliwa katika bomba ambalo upana wake ni kama sentimita 3 tu, usiozidi sana kidole gumba cha mtu mnene. Baada ya dakika moja au chache maji yakiisha kupungua, pampu hujizima. Hufanya hivyo mara kadhaa kwa siku, usiku na mchana, wala mwenye nyumba hasikii ila labda mngurumo mdogo. Mota yake si kubwa, kwa kawaida ni ya nguvu za farasi 1 au 2, lakini baadhi ya pampu hizo huweza kupandisha maji mlimani zaidi ya mita 30. Katika bomba iko valvu ya kuzuia maji yasirudi nyuma, maana bomba la mtaani limejaa taka za majirani wote, nazo zina msukumo wake.

Kutokana na maelezo hayo mtu aweza kudhani kwamba kuitunza mashine hiyo ni kazi ya spana na grisi. Sivyo. Pampu haipakwi mafuta na mwenye nyumba, wala haifunguliwi naye, wala haisafishwi naye. Ikitumiwa vyema huweza kukaa miaka mingi bila kuguswa. Utunzaji wake wote hufanywa mbali nayo, jikoni na chooni, na wanaoutunza au kuuharibu ni wale wapikao, waoshao vyombo, waogeshao watoto na wavutao maji ya choo. Kwa hiyo si jambo la baba wa nyumba peke yake. Mtoto wa miaka mitano mwenye kupenda kutumbukiza vitu chooni ana uwezo juu ya pampu kuliko fundi.

Na tuanze na jikoni. Mafuta ya kupikia, samli, shahamu ya nyama na mchuzi wenye mafuta, vikiwa vya moto humiminika kama maji, na mpishi huona ni rahisi kuvimwaga katika sinki na kuvifuatisha maji ya moto na sabuni. Lakini tangi limo ardhini, na ardhi ni baridi. Mafuta yakifika huko huganda, hupanda juu ya maji, hushikamana na kuta za tangi, na pole pole huyafunika maboya au vipimo viiambiavyo pampu wakati wa kuwaka na wakati wa kuzimika. Basi ndipo pampu yenye afya kabisa hukaa kimya huku tangi likifurika, au huzunguka bila kusimama mpaka mota ikaungua, kwa kuwa imekosa habari. Mafuta hayo huenda pia yakaendelea na safari mpaka mabomba ya mji. Mwaka 2017 katika mtaa wa Whitechapel, London, mafundi walikuta chini ya barabara bonge la mafuta yaliyogandamana na vitambaa, lenye urefu wa yapata mita 250 na uzito wa kama tani 130. Mwaka uliofuata kipande chake kiliwekwa katika jumba la makumbusho ili watu wakitazame. Jambo la kuyazuia hayo ni jepesi: mafuta yaachwe yapoe, yamiminwe katika kopo, na kopo litupwe pamoja na takataka kavu. Sufuria ifutwe kwa karatasi kabla ya kuoshwa.

Adui wa pili ni kitambaa, na huyu ndiye mbaya zaidi. Meno ya pampu hukata vizuri kitu kigumu kidogo. Kitu kirefu chenye nyuzi huyashinda, kwa kuwa hujizungusha kama kamba juu ya gurudumu mpaka mota ikashindwa kuzunguka. Vitambaa vya hedhi, nepi, matambara ya kupangusia sakafu, nguo ndogo za watoto, uzi wa kusafishia meno, vijiti vya pamba vya masikio na mipira ya kondomu havina mahali katika choo cha namna hii, hata kimoja. Zaidi ya vyote ni vile vitambaa vilaini vyenye majimaji vinavyouzwa kwa pakiti, vya kupangusia watoto na watu wazima. Baadhi ya pakiti zake huandikwa kwamba vyaweza kuvutwa na maji ya choo. Kwamba vitapita katika tundu la choo ni kweli. Hata pete ya dhahabu hupita. Swali ni nini huvipata baada ya kupita.

Mtu asiyesadiki na ajaribu mwenyewe. Achukue mitungi miwili ya kioo yenye maji. Katika mmoja atie karatasi ya chooni, katika wa pili atie kitambaa cha pakiti, avitikise sawasawa, kisha aviache kwa saa moja. Karatasi itakuwa imevunjikavunjika kama ugali uliomwagiwa maji. Kitambaa aweza kukitoa, kukikamua na kukianika. Mwezi wa Machi 2020, wakati wa ugonjwa wa korona, karatasi za chooni zilipokuwa adimu madukani, watu wengi wa California walianza kutumia vitambaa na karatasi za jikoni, na serikali ya jimbo ikalazimika kuwaonya kwamba mabomba yalikuwa yakiziba. Mwaka 2021 jimbo hilo lilipitisha sheria ya kuwalazimisha watengenezaji wa vitambaa visivyoyeyuka waandike wazi juu ya pakiti kwamba visitupwe chooni. Katika nyumba yenye pampu ya kusaga, ndoo ndogo yenye kifuniko kando ya choo ni kinga bora kuliko sheria.

Viko na vitu vingine. Mchanga wa paka, kokoto za chombo cha samaki wa urembo, maganda ya mayai na ya kamba wa baharini, huyala meno ya chuma na kuikwaruza mipira ya ndani. Aina moja ya pampu hizi husukuma maji kwa parafujo ya chuma inayozunguka ndani ya mpira, na mpira huo ukiliwa na mchanga, pampu huzunguka lakini haisukumi. Petroli, rangi, dawa za kuyeyusha rangi na tindikali kali huharibu mpira vile vile. Tena petroli hutoa mvuke unaoweza kuwaka ndani ya tangi lenye umeme, jambo ambalo halihitaji maelezo. Wala dawa za kuzibua mabomba zisitiwe kwa wingi kwa kudhani kwamba zitaisaidia pampu.

Maji ya mvua nayo yana shauri lake. Wako watu ambao, baada ya kuona maji yakituama uani au katika chumba cha chini ya nyumba, huyaelekeza katika bomba la maji machafu ili yaondoke upesi. Pampu hii ilipimwa kwa maji ya jamaa moja, si kwa maji ya mawingu. Siku ya mvua kubwa itazunguka bila kupumzika, nyumba zote za mtaa zikifanya hivyo bomba litashindwa, na katika miji mingi ni kosa la sheria.

Basi siku moja, hata kwa mtu mwangalifu, taa nyekundu itawaka na king'ora kitalia. Maana yake ni kwamba maji katika tangi yamepanda kupita kiasi. Sauti ile hutisha, hasa ikilia usiku wa manane, lakini haisemi kwamba nyumba imekwisha haribika. Husema kwamba bado iko nafasi kidogo, na nafasi hiyo isipotezwe. Yampasa mwenye nyumba kuwaambia wote waliomo waache mara moja kutumia maji: mashine ya kufulia izimwe, aliye bafuni atoke, choo kisivutwe. Kisha abonyeze kitufe cha kunyamazisha sauti, taa iachwe iwake. Atazame kama umeme upo, na kama swichi ya pampu katika sanduku kuu la nyumba imejizima. Ikiwa imejizima, yaruhusiwa kuirudisha mara moja tu. Ikijizima tena, iachwe, kwa kuwa kurudisha mara nyingi ni kuilazimisha mota ijichome. Pengine taa itazimika yenyewe baada ya dakika chache, kwa sababu wageni walikuwa wengi na maji yaliingia upesi kuliko yalivyotoka. Isipozimika, aitwe fundi. Fundi mwema ataanza kwa kuuliza, "Mzee, mlitumia nini leo?" na atakayemjibu kweli ataokoa saa nzima ya kazi.

Umeme ukikatika, pampu imelala, wala hakuna king'ora, isipokuwa katika masanduku machache yenye betri. Hapa watu wengi hudanganyika. Mfereji huendelea kutoa maji kama kawaida, kwa kuwa maji ya mji hayategemei umeme wa nyumba ile. Choo huvuta vizuri. Na mtu husahau kwamba maji hayo hayatoki tena kiwanjani. Yafaa hesabu ifanywe. Kama katika tangi imebaki nafasi ya lita 100, choo cha siku hizi cha Marekani hutumia yapata lita 6 kwa kila kuvuta, basi jamaa aweza kuvuta mara 16. Choo cha zamani chenye kutumia lita 13 kitalijaza kwa mara 8. Bafu la manyunyu laweza kutoa lita 9 kwa dakika, kwa hiyo kijana mmoja mwenye kupenda kuimba akioga atalimaliza tangi katika dakika 11. Na beseni kubwa la kuogea likijazwa, lenye kama lita 150, halitaenea kabisa. Maji yatakayozidi yatatafuta njia, na njia iliyo karibu ni tundu la bafu la chini kuliko yote katika nyumba. Kwa hiyo wakati wa giza watu watumie maji kama wasafiri jangwani. Umeme ukirudi, wangoje kama saa moja kabla ya kufua, maana pampu za mtaa mzima huwaka kwa pamoja, bomba hujaa msukumo, na kila moja huhitaji muda wa kupata zamu yake.

Wenye jenereta wana neno la kuangalia. Baadhi ya masanduku ya pampu yamewekewa mahali pa kuchomeka jenereta, na fundi wa umeme ndiye wa kuonyesha namna yake. Jenereta isiwekwe kamwe ndani ya nyumba, wala katika banda la gari, wala barazani karibu na dirisha, kwa sababu moshi wake una hewa ya kaboni monoksaidi, isiyo na harufu wala rangi, ambayo humlaza mtu asiamke tena. Mwezi wa Februari 2021, umeme ulipokatika katika jimbo la Texas wakati wa baridi kali, hewa hiyo iliwadhuru watu wengi na kuwaua baadhi yao, waliokuwa wakitafuta joto tu.

Sasa juu ya shimo lenyewe. Maji machafu yakikaa bila hewa safi huoza, na katika kuoza hutoa hewa iitwayo haidrojeni salfaidi. Harufu yake ni ya yai viza. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida, kwa hiyo haipandi ikaondoka bali hukaa chini ya shimo kama maji. Ubaya wake mkubwa ni kwamba ikizidi kiasi huiua pua kwanza. Mtu aliyesikia harufu, kisha akaacha kuisikia, hufikiri kwamba shimo limetakata, kumbe ni pua yake iliyokwisha shindwa. Ikiwa nyingi sana, pumzi moja au mbili zatosha kumwangusha.

Mwaka 2016, katika Mombasa, watu kadhaa walikufa kwa ajili ya simu ya mkononi iliyoanguka katika choo cha shimo. Mmoja alishuka kuitafuta, naye hakutoka. Wengine wakashuka baada yake, na kila mmoja akapatwa na lile lile. Wala jambo hilo si la nchi moja. Mwaka 1986 taasisi ya serikali ya Marekani yenye kuchunguza usalama wa wafanyakazi ilieleza kwamba katika vifo vya watu ndani ya matangi, mashimo na mahali pengine pa kufungika, zaidi ya 60 katika kila 100 vilikuwa vya wale waliokuja kuokoa. Huruma ndiyo iliyowashusha. Kwa hiyo mtu akimwona mwenziwe amelala katika shimo la maji machafu, liwe la pampu, la tangi au la choo, asimfuate. Na apige kelele, aite watu wa zimamoto wenye vyombo vya kupumulia. Kama yule wa chini amefungwa kamba, avutwe kutoka juu.

Kutokana na hayo, kanuni ya pampu ya kusaga ni nyepesi kukumbuka. Mwenye nyumba asiinue kifuniko, asiingize mkono, mti wala fimbo, na asijaribu kuchomoa kitambaa kilichonasa. Pamoja na hewa ile umo umeme wa volti 240, katika tangi lililojaa maji, na meno yanayoweza kuanza kuzunguka bila kuamriwa. Fundi hufika na vifaa vyake, huzima umeme na kufunga swichi kwa kufuli, huipandisha pampu juu kwa mnyororo, na aghlabu hutia nyingine badala yake ili ile mbovu ikatengenezwe mahali pakavu. Asiyekuwa na ujuzi huo ana kazi yake nyingine, nayo ni kutazama kifuniko kwa macho. Je, skrubu zake zote ziko? Je, hakikupasuka kwa kugongwa na mashine ya kukatia majani? Mtoto akisimama juu ya kifuniko kilicholegea, yaliyo chini yake ni maji machafu.

Kiwanja nacho kitunzwe kwa mawazo hayo. Kifuniko kiachwe kiwe juu kidogo ya ardhi, ili maji ya mvua yasiingie. Wako wapendao bustani ambao hukiona ni kibaya, wakakifunika kwa udongo, wakapanda maua juu yake au kujenga baraza ya mbao. Siku ya taabu fundi hulipwa kwanza kwa kuchimba na kubomoa. Miti isipandwe karibu, kwa kuwa mizizi hufuata unyevu. Gari lisipitishwe juu yake. Na mtu yeyote atakaye kuchimba kiwanjani, hata kwa kigingi cha ua, na aulize kwanza bomba limelazwa wapi, maana ni jembamba na halikwenda chini sana.

Nyumba ikiachwa kwa majuma mengi, maji machafu yaliyobaki katika tangi huoza na kunuka, na mafuta hushikamana. Kwa hiyo kabla ya kufunga safari yafaa maji safi yafunguliwe mpaka pampu isikike ikiwaka na kuzimika, ili kinachobaki humo kiwe maji mepesi. Kisha mfereji mkuu wa nyumba ufungwe. Umeme wa pampu usizimwe, ila kama fundi ameagiza.

Jambo moja zaidi lawahusu hasa wapangaji na wanunuzi. Katika miji mingine pampu ni mali ya halmashauri, ambayo huitengeneza kwa gharama yake. Katika miji mingine ni mali ya mwenye nyumba tangu kifuniko hadi mpakani, na pampu mpya pamoja na kazi ya fundi huweza kufika dola elfu kadhaa. Tofauti hiyo haionekani kwa macho. Mnunuzi aulize kabla ya kutia sahihi, apewe jibu kwa maandishi, na aulize pia pampu iliwekwa mwaka gani na mara ya mwisho ilitengenezwa lini. Mpangaji aulize nani ataitwa king'ora kikilia, na nani atalipa ikionekana ni kitambaa. Majibu yaandikwe katika karatasi pamoja na namba ya simu ya fundi, na karatasi hiyo igandishwe ndani ya mlango wa lile sanduku la taa nyekundu, mahali ambapo mtu aliyeamshwa usingizini ataiona bila kuitafuta.